Taa za Matanga

Walikuwa hawajamaliza kufukia kaburi la Lugano ziwa lilipopumua.

Tumpe ndiye aliyeliona kwanza, kwa sababu alisimama nyuma ya watu, ukingoni mwa mteremko, kama inavyompasa mjane ambaye bado hajavua nguo nyeusi. Chini kabisa, katikati ya maji ya Ilambo, povu jeupe lilichomoza kwenye mdomo wa bomba la kuondolea hewa ya sumu ya kilindini, likapanda juu kupita miti, kisha likaanguka. Hewa ile nzito haikupaa. Ilitambaa juu ya maji pamoja na ukungu wake, ikafika ufukweni, ikaingia kwenye mashamba ya maharage polepole, kama maziwa yaliyomwagika juu ya meza. Bahati nzuri siku hiyo mashambani hakukuwa na mtu. Wote walikuwa wamepanda kuzika.

King'ora kilikuwa kimya.

Makoleo yaliendelea. Mchungaji akaanza pambio, watu wakalipokea. Udongo ulikuwa umefika usawa wa ardhi, na wanawake wamekwisha kuanza kupanga maua, ndipo mlio ulipotoka mnarani, mrefu, wa kupanda na kushuka, ukiwaamuru watu wa bondeni waache majembe waje juu.

"Ziwa limewahi tena," alisema mwanamke mmoja kwa sauti ya chini.

"Lina njaa hilo," mwenzake akamjibu. "Tangu limuonje Anyimike halishibi."

Kisha akakumbuka ni nani aliyesimama nyuma yake, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Tumpe hakumsikia vizuri. Alikuwa akitazama mikono yake. Mkono wa kulia ulikuwa na bangili, ile ambayo kila mtu wa Ilambo huvaa tangu utotoni, inayopokea saa kutoka mnara wa king'ora. Bangili ilisema saa tisa na nusu, wakati wa king'ora, sawasawa kabisa. Mkono wa kushoto ulikuwa na saa ya mishale ya marehemu mumewe, mkanda wake umetobolewa tundu jipya ili usimpwaye. Saa hiyo ilisema kwamba saa kumi imekwisha kupita.

Siku walipomleta Anyimike kutoka bondeni, walimpa Tumpe saa hiyo imefungwa kwenye leso. "Mbovu," waliambiana mbele yake. "Inakimbia. Huenda ndiyo iliyomchanganya." Walimkuta amelala kifudifudi kwenye njia ya mashambani, kichwa kikielekea ziwani. Alikuwa anashuka, si kupanda. Wakasema hewa ilimpotezea akili. Wakasema pia, kwa upole, kwamba alichelewa.

Lakini Anyimike alikuwa fundi wa bomba. Kila juma alikwenda na mtumbwi hadi kwenye chelezo kule katikati ya ziwa, na kila juma aliirekebisha saa yake kwa saa ya bomba lenyewe. Na bomba hufunguka kila siku saa kumi, nusu saa baada ya king'ora. Leo lilikuwa limefunguka saa kumi, kwa saa ya mtu aliyekufa.

Ziwa halikuwahi, Tumpe aliwaza. Na wazo hilo lilipokwisha kuingia, halikutoka.

*

Kesho yake, adhuhuri ilipopita, alipanda hadi kituo cha umeme na king'ora, alikofanya kazi. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umelala juu ya mlima, na paneli za jua zilizopangwa nyuma ya kituo zilikuwa nyeusi na zenye maji, kama migongo ya ng'ombe walionyeshewa.

Ambilikile, mkuu wa kituo, alikuwa mlangoni akisugua matope kwenye viatu vyake. Alikuwa kaka yake Anyimike, na alipogeuza shingo alifanana naye kiasi cha kumfanya Tumpe atazame pembeni.

"Shemeji," alisema Ambilikile. "Hatujaanua matanga bado. Watu wakikuona kazini watasemaje?"

"Watasema nimechoka kukaa kwenye mkeka. Nipe mita ya umeme."

"Ya nini?"

"Nipe tu, shemeji."

Saa ya king'ora ilikaa ndani ya sanduku la chuma lenye lakiri mbili. Sanduku hilo halikufunguliwa ila kwa funguo mbili kwa pamoja, mmoja wa kituo na mmoja wa wilaya, na kila mtoto wa Ilambo alijua sababu. Zamani, kabla Tumpe hajazaliwa, palikuwa na mwenyekiti aliyeamuru king'ora kicheleweshwe kidogo ili vibarua wake wamalize mistari miwili ya mwisho. Alikuwa mtu mwema, wanasema. Aliwaonea huruma, hakutaka warudi kesho. Wale vibarua wamezikwa katika kaburi moja. Tangu hapo watu wakakubaliana kwamba saa isiguswe na mkono wa mtu yeyote, mwema wala mbaya.

Ila nyaya za kuipa umeme zilipita nje ya sanduku. Tumpe akazigusisha pini za mita.

Namba ilitokea, ikatulia. Volti tatu na ushee. Haikuwa nzuri, haikuwa mbaya.

"Umeridhika?" aliuliza Ambilikile.

Tumpe alikuwa anasubiri, wala hakujua anasubiri nini. Kutoka kijijini, chini ya kituo, nyumbani kwa Bibi Sekela, mama yake Lugano, spika za matanga zilikoroma, zikapiga mluzi, kisha kwaya ikaanza kuimba. Namba kwenye mita ikashuka. Mbili na nusu. Mbili. Ikapanda kidogo kwaya ilipovuta pumzi, ikaanguka tena sauti za besi zilipoingia. Ilikwenda na wimbo. Ubeti baada ya ubeti, Tumpe aliutazama wimbo wa kumlilia Lugano ukicheza ndani ya kioo kidogo cha mita.

"Sogea uone," alisema.

Ambilikile alisogea. Alisomea kazi hii kabla ya Tumpe, hakuhitaji kuelezwa. Ndani ya kila chipu ya saa kuna kijiwe cha kioo, chembamba kuliko punje ya mchele, kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na kazi ya chipu ni kuhesabu mitetemo hiyo. Umeme ukipungua kidogo, mtetemo hubadilika kidogo mno. Kwa mwezi mzima saa hupoteza sekunde ambazo hakuna mtu angezijali. Lakini kila chipu ina sakafu yake. Umeme ukishuka chini ya sakafu hiyo, kijiwe huishiwa nguvu, hulegea, husimama. Ukirudi, huanza tena kuhesabu pale kilipoachia. Kwa ajili hiyo huwekwa betri ya akiba, nayo betri ya sanduku hili ilikuwa imezeeka humo ndani, nyuma ya lakiri, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kuibadilisha.

Saa iliyosinzia haijui kwamba imesinzia. Na bangili zote za Ilambo zilisinzia pamoja nayo, mikononi mwa watu wote, hata asiwepo wa kumuuliza mwenzake.

"Tangu lini?" Ambilikile aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha kwamba amekwisha kuhesabu.

"Laini ya king'ora ndiyo pekee isiyozimwa wakati wa ukungu," alisema Tumpe. "Wafiwa ndio wanaofungiwa taa na spika kwenye laini hiyo. Taa ya kwanza msimu huu ilikuwa ya nani?"

"Ya Mzee Asangalwisye."

"Yule alikufa kitandani kwake, kwa uzee. Wakamfungia taa, wakamfungia na spika, kwa sababu mzee yule alipenda nyimbo. Saa ikaanza kusinzia. Kisha akafa Anyimike."

"Tumpe."

"Naye Anyimike akafungiwa taa yake. Sasa taa zikawa mbili. Kisha Lugano. Jana umefunga ya tatu, shemeji. Nilikuona juu ya nguzo."

Ambilikile alikaa juu ya kreti la betri tupu.

"Ya Anyimike niliifunga mvua inanyesha," alisema. "Walinikataza nisipande, nikapanda. Ni mdogo wangu. Ningefanyaje? Nimuache mjane wake akae gizani? Hapa petu mfiwa hakai gizani."

"Najua."

"Ile taa nimeifunga kwa upendo."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana inatisha."

Ambilikile alisimama, akatembea hadi dirishani. Bondeni, kupitia tundu la ukungu, walionekana watu kama chembe, migongo imeinama. Maharage yalikuwa yanaoza mashambani kwa unyevu. Jana wamezika, leo wameshuka wote wenye nguvu.

"Sikiliza," alisema Ambilikile. "Tutazikata taa za wafiwa kwenye laini. Tutasema waya umeungua. Mvua hii, nani atabisha? Watu wa wilaya watakuja na ufunguo barabara ikishafukuliwa matope, watarekebisha saa, watabadilisha betri. Hakuna atakayeumia."

"Na akifa mwingine mwakani? Si utapanda nguzo tena? Usipopanda wewe atapanda mwingine, kwa sababu mfiwa hakai gizani."

"Kwa hiyo unataka kusema nini? Uende nyumbani kwa Sekela, mkeka wa jana haujakauka machozi, umwambie mwanawe ameuawa na taa iliyokuwa inamlilia mumeo? Ukisema hivyo umewafanya wafiwa wote kuwa wauaji."

"Nimeanza na mimi."

"Atakuchukia mpaka afe."

Tumpe alifunga nyaya za mita, akaiweka mezani. Alitaka kusema kwamba hilo analiogopa kuliko ziwa, kwa kuwa Bibi Sekela ndiye aliyemwogesha usiku ule wa kwanza, akamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Badala yake alisema:

"Anyimike alikuwa anashuka. Saa yake ilimwambia pumzi inakuja na king'ora hakijalia. Alishuka kuwaita. Nani aliitika?"

Ambilikile alifunika uso. Anyimike alipokufa, yeye ndiye aliyewahoji wavunaji waliookoka, na walimwambia: ndiyo, tulimwona anapunga mikono, tukadhani anatania, maana king'ora kilikuwa bado.

*

Nyumbani kwake Tumpe alitoa kiti nje, akapanda, akaifungua taa ya matanga kwa mikono yake. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa imewaka mchana na usiku tangu siku ya maziko, na vidudu vilivyoungua vilijaa kwenye kikombe chake cha kioo. Alidhani atalia. Hakulia. Aliona tu jinsi kibaraza kilivyo kidogo bila ule mwanga, na jinsi ndala za Anyimike zilivyokuwa bado pale pale mlangoni, moja imepinduka, na hakuna aliyethubutu kuigeuza.

Saa ya Anyimike ilikuwa inakaribia tisa. Ya bangili ilikuwa haijafika hata nane na nusu.

Akatoka mbio.

*

Uani kwa Bibi Sekela palikuwa pamejaa wanawake. Turubai la bluu lilikuwa limefungwa kutoka paa la nyumba hadi kwenye migomba, na katikati yake, juu ya mti uliosimikwa, taa ya Lugano iliwaka mchana kweupe. Chini yake alisimama Kajela, mtani wa ukoo ule, amevaa kofia ya marehemu na koti lake kinyumenyume. Kwaya ilikuwa imepumzika, na Kajela alikuwa anafanya kazi yake.

"Mimi nisidanganyiwe!" alikuwa akipiga kelele. "Huyu Lugano mnamlilia kana kwamba ni jambo geni? Alichelewa kuzaliwa, Sekela akambeba tumboni kama gunia la viazi! Alichelewa kutembea! Alichelewa kuoa mpaka wasichana wakawa bibi! Sasa kachelewa kupanda mlima. Mnashangaa nini?"

Wanawake walicheka, wengine machozi yakiwatoka, kicheko kile cha msibani kinachompunguzia mtu mzigo. Hata Bibi Sekela, aliyeketi ukutani miguu imenyooka, alitikisa kichwa na mdomo ukamcheza.

"Hakuchelewa," alisema Tumpe.

Alikuwa amesema kwa sauti ndogo, lakini kicheko kilikatika.

Kajela alimgeukia, akavua kofia. "Ndaga, pole mama. Huu ni utani tu. Usiuchukue moyoni."

"Lugano hakuchelewa. Hata Anyimike hakuchelewa. King'ora ndicho kinachochelewa."

Alipiga magoti mbele ya Bibi Sekela, akashika vidole vya miguu yake, akaeleza. Alieleza bila maneno ya kituoni. Alisema umeme wa king'ora ni kama chungu kimoja cha uji, na kila taa ya matanga ni bakuli linalochota. Chungu kikipungua sana, saa inazimia kwa njaa, kisha inazinduka bila kujua muda umepita. Alisema taa ya Mzee Asangalwisye ilianza kuchota. Alisema taa yake yeye, ya Anyimike, iliongeza.

"Lugano alikuwa anasubiri king'ora, bibi. Kama watu wote. Kilichelewa kwa sababu ya taa yangu."

Ndani ya nyumba mtoto mchanga alikohoa.

"Umeizima?" aliuliza Bibi Sekela.

"Nimeizima."

"Lini?"

"Leo. Sasa hivi."

Bibi Sekela aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayepokea bei sokoni na kuiona haina punguzo. "Leo," alisema. "Ungeizima juma lililopita, leo ningekuwa nampikia."

"Ndiyo, bibi."

"Nilikulisha uji chini ya taa ile."

"Ndiyo."

"Toa mikono yako miguuni mwangu."

Tumpe akaitoa. Bibi Sekela akanyanyuka kwa kushika ukuta, akatazama taa ya mwanawe kwa muda, macho yakiwa yamekunjana kwa mwanga.

"Na hii yangu," alisema. "Inamchotea nani?"

Hapo ndipo wanawake walipoelewa. Mmoja alisimama ghafla, kisha mwingine, mikeka ikakunjika chini ya miguu. "Waume zetu wako chini!" "Binti yangu yuko chini!" Bangili zikainuliwa kwa mazoea, zote zikisema jambo moja la uongo kwa uso mtulivu. Tumpe aliinua mkono wa kushoto.

"Tisa imepita. Njia ya kupanda ni karibu nusu saa kwa mtu mwenye mzigo. Lakini wakiitwa hawatakuja. Anyimike aliwaita, hawakuja. Hawaji bila king'ora."

"Tukipige kwa mkono!" alisema Kajela.

"Hakipigiki kwa mkono. Kilitengenezwa hivyo."

Bibi Sekela alikuwa tayari amefika kwenye ule mti. Alifunga kanga mkononi, akaizungusha taa ikiwa bado ya moto mpaka ikachomoka. Ua likawa la kijivu, rangi ya ukungu. Aliikabidhi kwa Kajela kama anayekabidhi kitu kichafu.

"Kuna kingine wanachokijia," alisema.

Alitoka uani, akapita migomba, akaenda mpaka ukingoni ambako ardhi inaanguka kuelekea bondeni. Hapo aliweka mikono kichwani, akapiga ukunga.

Haukuwa ule wa jana, ambao ulikuwa umechoka. Ulikuwa ukunga wa habari mpya, ule unaotolewa mara moja tu, maiti ikiwa bado na joto. Ule ambao mtu wa Ilambo akiusikia huacha jembe limesimama, huacha chungu motoni, hukimbilia ulikotoka bila kuuliza ni kwa nani. Wanawake walimtazama kwa hofu. Kulia hivyo pasipo maiti ni mwiko. Husemwa kwamba kifo huitika. Kisha mama wa yule binti akaweka mikono kichwani naye akalia. Kisha wote.

Chini, migongo ilinyooka. Chembe zikasimama, zikageuka, zikaacha vikapu. Zikaanza kupanda.

Walipofika wa kwanza, wakihema, matope hadi magotini, waliuliza kama inavyoulizwa: "Nani? Nani ameondoka?" Wengine waliendelea kufika, wawili wawili, watatu, mzee amebebwa mgongoni, binti amepoteza kiatu. Wanawake waliwashika mabega, wakawapapasa nyuso, wakawataja majina, na bado waliendelea kulia kwa kuwa njia ilikuwa haijaisha watu. Mkia wa njia ulipoingia uani, povu lilichomoza katikati ya ziwa. Walisimama ukingoni wakatazama weupe ukiingia kwenye mashamba, ukifunika vikapu, ukifunika majembe yaliyosimama wima ardhini. Bangili zao zilisema kuna muda mwingi bado.

Hatimaye king'ora kikalia. Kililia hadi mwisho wake, kwa makini, kwa bonde lisilo na mtu.

Ambilikile alikuwa amekuja, amesimama mbali, koleo la kukatia waya mkononi. Tumpe hakumwendea. Alikwenda kwa Bibi Sekela, akasimama hatua chache nyuma yake, akangoja kufukuzwa. Hakufukuzwa, wala hakutazamwa.

Kijana mmoja wa wavunaji alikuwa amekasirika, kama watu wanavyokasirika wakishajua wameponyoka. "Bibi," alisema, "mmelia na hakuna aliyekufa. Mmeita kitu gani hapa? Ulikuwa unamlilia nani?"

Bibi Sekela alijifuta uso kwa kanga ile ile iliyoungua.

"Lugano," alisema. "Nilikuwa sijamaliza."